Kusema "nitafanya" kwa Kikorea: uchague 거예요, 게요, 겠 au 려고 해요?

Chukua sentensi moja ya Kiswahili: "Nitapiga simu kesho." Kwa Kikorea inaweza kutoka hivi:

내일 전화할 거예요.
내일 전화할게요.
내일 전화하겠습니다.
내일 전화하려고 해요.
내일 전화할래요.

Zote tano ni sahihi kisarufi na zote zinahusu kesho, lakini huwezi kuweka moja mahali pa nyingine bila msikilizaji kuhisi kitu. Kiswahili kimetuzoesha raha: -ta- inabeba mpango, ahadi, ubashiri, hata kitisho, na yaliyobaki tunayaachia sauti na mazingira. Ndiyo maana wengi wetu tukishajifunza 거예요 tunaridhika na kuipachika kila mahali. Hakuna anayetusahihisha, kwa sababu tunaeleweka. Tatizo ni kwamba tunasikika kama watu wanaotoa matangazo, wala si wanaozungumza na mtu aliye mbele yao.

Wanaisimu wengi husema Kikorea hakina njeo ya wakati ujao kama yetu. Kina wakati uliopita na usiopita, basi. Viishio hivi vyote vinaonyesha msimamo wa msemaji. Ameshaamua? Anaahidi? Anakisia? Anachagua? Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo jiulize uamuzi wako ulizaliwa lini, na kama yule unayezungumza naye ana sehemu ndani yake. Nachukulia kwamba Hangul, yaani alfabeti ya Kikorea, unaisoma tayari. Kama bado, malizana nayo kwanza; kujifunza viishio hivi kwa herufi za Kilatini ni kujichosha bure.

거예요 na 게요: jozi ya kuanza nayo

Kama una nguvu ya kujifunza jozi moja tu mwezi huu, iwe hii. Makosa mengi ya anayeanza yanatokea hapa.

-(으)ㄹ 거예요 inatoa taarifa. Mpango ulikuwepo kabla mazungumzo hayajaanza, na ungekuwepo hata kama huyo mwenzako asingetokea. Mtu akikuuliza 주말에 뭐 할 거예요? "Wikendi utafanya nini?", unajibu 영화를 볼 거예요, "Nitatazama filamu." Ukijibu 영화를 볼게요, mwenzako atashangaa kidogo: ni kama unamwahidi, wala hakukuomba, kwamba utamtazamia filamu.

-(으)ㄹ게요 inaelekezwa kwa mtu. Uamuzi unazaliwa palepale kwa sababu ya alichosema, anachohitaji au anachosubiri kutoka kwako. Kiswahili kina kitu kinachokaribiana nayo sana, nacho si -ta-. Ni "ngoja" au "acha" ikifuatwa na kitenzi chenye -e mwishoni. 제가 낼게요 ni "acha nilipe mimi". 제가 도와드릴게요 ni "ngoja nikusaidie". 잠깐만요, 확인해 볼게요 ni "subiri kidogo, ngoja niangalie". Kipimo ninachokiamini ni hicho: kama kwa Kiswahili sentensi yako ingeweza kuanza na "ngoja", "acha" au "basi", nenda na 게요. Kama ungesema "nimepanga" au "nina mpango wa", nenda na 거예요.

Ziweke sasa katika hali moja uone. Mmemaliza kula nyumbani kwa mwenyeji wako, naye anainuka kuosha vyombo. Ukisema 제가 할게요, umesema "acha, nitaosha mimi", na hilo ni jambo la kiungwana. Ukisema 제가 할 거예요, sauti inageuka: "nitaosha mimi, nimeshaamua." Kuna ubishi ndani yake, kama wa mtoto anayetaka kufunga viatu vyake mwenyewe. Au unaondoka kwenye sherehe kabla ya wengine. 저 먼저 갈게요 inaomba radhi kidogo na kusubiri ukubali, na jibu lake huwa 네, 조심히 가세요, "haya, nenda salama". 저 먼저 갈 거예요 inatangaza tu kwamba utaondoka, wapende wasipende. Au bosi amekukemea kwa kuchelewa. 내일은 안 늦을게요 ni ahadi. 내일은 안 늦을 거예요 ni ubashiri, kama vile kuchelewa kwako ni mvua na wewe ni mtabiri wa hali ya hewa.

게요 ina mipaka migumu. Ni ya nafsi ya kwanza tu, "mimi" au "sisi", na haiulizi swali. 동생이 갈게요 si sahihi, kwa kuwa huwezi kuahidi kwa niaba ya utashi wa mdogo wako. Sema 동생이 갈 거예요. Utasikia 엄마가 해 줄게, "mama atakufanyia", na kudhani kanuni imevunjwa, lakini hapo mama anajitaja mwenyewe, vilevile mama wa kwetu anavyomwambia mtoto "mama anakuja sasa hivi". Pia 게요 haikubali 못, neno la kutoweza, kwa sababu kushindwa si jambo la kujitolea. 못 갈게요 haipo.

거예요 haina mipaka hiyo. Inakubali nafsi zote, inauliza, na ikitoka nje ya nafsi ya kwanza mara nyingi inakuwa kisio: 내일 비가 올 거예요, "kesho mvua itanyesha". Hapa Kiswahili kinatubeba kuliko tunavyodhani, maana hata sisi tunatumia -ta- kukisia jambo la sasa. "Juma atakuwa nyumbani" si habari ya kesho. Kikorea kinafanya vilevile: 집에 있을 거예요. Na "atakuwa ameshafika" ni 벌써 도착했을 거예요, kitenzi kikiwa katika wakati uliopita na 거예요 juu yake. Wanaotoka kwenye lugha zisizofanya hivyo huhangaika na hili. Wewe huna sababu.

Sikio nalo linahitaji mazoezi. Baada ya ㄹ hii, ㄱ inakazwa, kwa hiyo 할 거예요 hutamkwa [할꺼예요] na 할게요 hutamkwa [할께요]. Mtu akizungumza haraka tofauti ni silabi moja. Hesabu: 할-꺼-예-요 ni nne, 할-께-요 ni tatu. Kwa maandishi ni rahisi zaidi, kwa kuwa 할 거예요 ina nafasi kati ya maneno, maana 거 ni nomino 것 iliyofupishwa, ilhali 할게요 imeshikana. Kwenye ujumbe wa simu utaona Wakorea wenyewe wakiandika 할께요. Ni kosa, ila kosa lenye historia: kanuni za tahajia zilizotangazwa mwaka 1988 ndizo zilizoamua kiandikwe 게 ingawa hutamkwa 께. Na 거에요 nayo utaikuta kila mahali. Sahihi ni 거예요.

Kuna 게요 nyingine itakayokuvuruga ukienda saluni au kliniki kule Korea: 이쪽으로 오실게요, "utakuja upande huu", 누우실게요, "utalala chini". Mhudumu anampa mteja amri iliyovikwa nguo ya ahadi, tena na heshima ya -시- juu yake. Wanaolinda usanifu wa lugha wanaikosoa, na kwa mantiki ya kisarufi wana haki, lakini haiondoki. Ielewe ukiisikia. Usiitumie.

겠: ya mikutano, ya mezani, na ya macho

-겠- ndiyo inayoonekana rahisi kuunda, kwani inajibandika kwenye shina bila kujali kama linaishia kwa irabu au konsonanti. Kwa sababu hiyo anayeanza huipenda, kisha huitumia vibaya. Kumwambia rafiki 저는 내일 시장에 가겠어요 ni kama kusimama kwenye kiti na kula kiapo kwamba utakwenda sokoni. Kwenye tamthilia utaisikia mhusika akiapa kutokukata tamaa, 포기하지 않겠어!, na ni pale pale penye muziki wa vinanda. Maisha ya kawaida hayana vinanda vingi hivyo.

Mahali pake halisi ni matatu.

Kwanza, nia unayomtamkia mtu wa juu yako au hadhira, karibu kila mara kwa umbo la -겠습니다. 열심히 하겠습니다, "nitafanya kwa bidii", ni sentensi utakayoisema siku ya kwanza ya kazi au darasa. 내일까지 보내겠습니다 ni jibu kwa profesa au meneja aliyeomba ripoti. Hapa 겠습니다 na 게요 zinafanya kazi ileile ya kuahidi. Kinachotofautiana ni umbali kati yenu. Profesa mliyezoeana unaweza kumwambia 내일까지 보내 드릴게요, na ile 드리다, "kupa" ya heshima, inabeba heshima ya kutosha. Kwa profesa usiyemjua, au kwenye barua pepe rasmi, 보내겠습니다 haikuangushi. Watangazaji wa hali ya hewa nao wanaitumia, 내일은 전국에 비가 오겠습니다, kwa kuwa wanazungumza na taifa zima.

Pili, semi zilizoganda. Hizi usizichambue, zimeze zilivyo: 잘 먹겠습니다 kabla ya kula, 다녀오겠습니다 unapotoka nyumbani ukitarajia kurudi, 처음 뵙겠습니다 unapokutana na mtu mara ya kwanza, 알겠습니다 ukishaelewa maagizo, 모르겠어요 ukiwa hujui. Katika mbili za mwisho hakuna wakati ujao hata chembe. 겠 inalainisha tu, ili usionekane unajua sana au hujali kwamba hujui. Ukialikwa chakula na mtu mliyezoeana, 잘 먹을게요 inatosha, na ina joto zaidi.

Tatu, kisio linalotoka kwenye kile unachokiona au kukisikia sasa hivi. Rafiki anakuonyesha picha ya bakuli la tambi zinazofuka mvuke: 맛있겠어요! "Lazima ni tamu!" Mwingine anakwambia amefanya kazi hadi usiku wa manane: 피곤하겠어요, "utakuwa umechoka". Hapa ndipo 겠 na 거예요 zinapoachana, na vitabu vingi hupita haraka. 맛있겠어요 ni mwitikio wa macho na masikio, unatoka bila kufikiri. 맛있을 거예요 ni hukumu yenye msingi: mgahawa ule unaujua, mpishi unamjua, na unamhakikishia mwenzako. Kwa hiyo anayepewa chakula husema ya kwanza, na aliyekipika husema ya pili. Pia mtu akikusimulia shida yake, 힘들겠어요, "lazima unapata taabu", inaonyesha umesikiliza. 힘들 거예요 inaweza kusikika kama unamtabiria taabu zaidi huko mbele.

려고 해요 na jirani zake

-(으)려고 해요 ni nia ambayo bado haijatua. 한국에서 공부하려고 해요, "nakusudia kusoma Korea." Ikilinganishwa na 공부할 거예요, ya pili inaonyesha suala limeshaamuliwa, na ya kwanza inaonyesha umeelekea huko na mambo bado yanapangwa. Ukiwa hujapata viza wala barua ya chuo, 려고 해요 ni ya mtu mkweli. Kwenye mazungumzo jibu linafupishwa: 왜 한국어를 배워요? — 한국에서 일하려고요. "Kwa nini unajifunza Kikorea?" "Nataka nikafanye kazi Korea."

Uzuri wake mkubwa uko kwenye wakati uliopita. 전화하려고 했는데 잊어버렸어요, "nilitaka kukupigia simu nikasahau." 거예요 haiwezi kukupa hili kwa wepesi huo, na maisha yamejaa mambo tuliyokusudia yasitokee. Jifunze 려고 했는데 kama neno moja. Utalitumia kuliko unavyotarajia.

Matumizi mengine yatakufurahisha. 비가 오려고 해요. Mvua haina nia, lakini Mswahili hashangai, kwa sababu hata sisi tunatazama mawingu na kusema "mvua inataka kunyesha". Ni wazo lilelile: jambo liko mlangoni. 버스가 출발하려고 해요, "basi linataka kuondoka", kimbia. Ukilinganisha na 비가 올 거예요, hiyo inaweza kuwa ya kesho au ya jioni. 오려고 해요 inataka uanue nguo sasa.

Mitaani utasikia 갈려고 au 할라고. Sanifu ni 가려고 na 하려고. ㄹ ya ziada imejipenyeza tu.

Jirani wa kwanza ni -기로 했어요, maamuzi yaliyokwisha kufungwa, hasa makubaliano kati ya watu. 친구하고 토요일에 만나기로 했어요, "tumekubaliana na rafiki yangu tukutane Jumamosi". Umbo ni la wakati uliopita ingawa tukio ni la mbele, na mantiki yake ni ileile ya "tumepanga", ambayo nayo inatazama nyuma. Mtu akikualika ukiwa na ahadi nyingine, hii ndiyo njia nzuri ya kujieleza, kwa kuwa inaonyesha kuna mwenzako aliyekuwahi.

Wa pili ni -(으)ㄹ까 해요, "nafikiria ku-". 주말에 산에 갈까 해요: wazo lipo, likipata mwenzi litakwenda, lisipopata litakufa. Ni laini kuliko zote, na inamwachia msikilizaji mlango wa kusema "nami nije". Na -고 싶어요 hutajwa sana pamoja na hizi, lakini hiyo ni hamu na si mpango. 한국에 가고 싶어요 anaweza kuisema mtu asiye hata na pasipoti. Kumbuka tu kwamba kwa mtu mwingine inakuwa -고 싶어 해요.

Usisahau pia wakati uliopo mtupu. 내일 부산에 가요, "kesho naenda Busan". Ukiwa na neno la wakati kama 내일 au 다음 주 na ratiba inajulikana, hii inatosha kabisa, kama sisi tunavyosema "naondoka kesho". Anayeanza huiogopa akidhani amekosea. Hajakosea.

래요: ya marafiki

-(으)ㄹ래요 inasema matakwa ya papo hapo. Ukiwa unasema, ni yako: 저는 냉면 먹을래요, "mimi nataka naengmyeon", yaani tambi baridi. Ukiuliza, ni ya msikilizaji: 커피 마실래요? "Utakunywa kahawa?" Haina nafsi ya tatu kwa maana hii. Ni changamfu, ya watu wa rika moja, na ina harufu ya "napenda hivi". Kwa hiyo kwa mkwe, mwalimu au bosi inakuwa utovu wa adabu hata ikiwa na 요. Ukiongeza -시-, 마실래요 ikawa 드실래요, inapanda kidogo, lakini si ya mkutanoni.

Hatari yake iko kwenye kukataa. 안 갈래요 ni "sitaki kwenda", uso mkavu. Kwa mtu aliyekualika kwa moyo mweupe, hata rafiki, mazoea ni kusema 못 갈 것 같아요, "naona kama sitaweza kuja". Kikorea, kama Kiswahili cha watu wazima, kinapenda mlango ufungwe polepole.

Ili uone zote zikigombania kiti kimoja, sikiliza watu wakiuliza "utakula nini?" au "tule nini?" Mhudumu wa mgahawa: 뭐 드시겠어요? Rafiki mkiwa mnaangalia orodha ya vyakula: 뭐 먹을래요? Mtu anayejua utakula peke yako baadaye na anataka tu habari: 뭐 먹을 거예요? Mwenzako anayetaka mwamue pamoja: 뭐 먹을까요? Ya kwanza inakuheshimu, ya pili inakuchangamkia, ya tatu inakuhoji, ya nne inakuvuta mshauriane. Majibu yanafuata njia hizo: kwa mhudumu huhitaji kiishio chochote cha hizi, sema 비빔밥 주세요, "naomba bibimbap", yakaisha.

Maumbo, kwa ufupi

Vitenzi vinavyosumbua ni vile ambavyo shina lake linaishia ㄹ, na vile vinavyobadilika kama 듣다 "kusikiliza" na 돕다 "kusaidia".

| Kitenzi | 거예요 | 게요 | 겠습니다 | 려고 해요 |
|---|---|---|---|---|
| 가다 | 갈 거예요 | 갈게요 | 가겠습니다 | 가려고 해요 |
| 먹다 | 먹을 거예요 | 먹을게요 | 먹겠습니다 | 먹으려고 해요 |
| 만들다 | 만들 거예요 | 만들게요 | 만들겠습니다 | 만들려고 해요 |
| 듣다 | 들을 거예요 | 들을게요 | 듣겠습니다 | 들으려고 해요 |
| 돕다 | 도울 거예요 | 도울게요 | 돕겠습니다 | 도우려고 해요 |

래요 inafuata safu ya 게요 bila tofauti yoyote. Angalia safu ya 겠: hapo tu ndipo 듣 na 돕 hazibadiliki, kwa kuwa 겠 inaanza na konsonanti.

Mtego mmoja: 사다 ni "kununua" na 살다 ni "kuishi", na zote mbili zikiingia kwenye 거예요 zinatoa 살 거예요. Anayekwambia 집을 살 거예요 ananunua nyumba. 집에서 살 거예요 ataishi ndani yake. Kiambata cha nomino ndicho kinachokuokoa, 을 au 에서. Kwenye 겠 zinatengana zenyewe, 사겠습니다 na 살겠습니다. Kwenye 려고 zinapaswa kutengana, 사려고 na 살려고, lakini kumbuka ile ㄹ ya mitaani niliyoitaja, kwa hiyo hata hapo sikiliza nomino.

Uanze na ipi?

Inategemea unakwenda wapi na Kikorea chako. Anayejifunza kwa ajili ya tamthilia na marafiki wa mtandaoni aanze na 거예요 na 게요, kisha 래요, na maumbo yao yasiyo na 요: 할 거야, 할게, 할래. 겠 aijue kwa semi zilizoganda na kwa 맛있겠다, aachie hapo. Msafiri wa wiki mbili anaweza hata kuishi kwa wakati uliopo, 게요 na 주세요.

Anayejiandaa kwa TOPIK I, ngazi ya chini ya mtihani wa umahiri wa Kikorea, ambayo inapima daraja la 1 na la 2 kwa kusikiliza na kusoma tu, asilimbikize viishio vipya bali aongeze kasi ya kutambua tofauti. Kwenye mazungumzo mafupi ya sehemu ya kusikiliza, mtu anaomba na mwingine anajibu. Aliyeomba msaada hujibiwa kwa 게요, aliyeuliza mipango hujibiwa kwa 거예요 au 려고 해요. Ukizoea hilo, majibu mawili kati ya manne mara nyingi yanajiondoa yenyewe.

Wanaolenga ufadhili wa serikali ya Korea, GKS, ambao umewapeleka vijana wa Kenya, Tanzania na Uganda vyuoni kule, wana hesabu nyingine. Mwaka wa kwanza kwa kawaida ni wa lugha, na kuingia kwenye shahada kunadai daraja la 3 la TOPIK. Ombi lenyewe lina mpango wa masomo, na kwenye maandishi ya namna hiyo 거예요 haina kazi. Umbo lake rasmi la mazungumzo ni 할 겁니다, la maandishi ni 할 것입니다. Lakini kwa mipango iliyofikiriwa, 할 계획입니다, "nina mpango wa", ina uzito zaidi. 할 예정입니다 iweke kwa mambo yenye tarehe, kama 8월에 졸업할 예정입니다, "natarajia kuhitimu Agosti". Na -고자 합니다 ni 려고 해요 iliyovaa suti. Mbele ya wanaokuhoji, wakikuuliza utafanya nini baada ya kuhitimu, eleza mipango kwa 계획입니다 na ahadi kwa 하겠습니다. 게요 weka mfukoni mpaka mtu akuombe usogeze kiti.